Barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo: Mabilioni Yanatoka Wapi, na Kwa Nini Hayaonekani Upesi

Kila bajeti za Wizara ya Ujenzi na ya Uchukuzi zinaposomwa bungeni, watu wa Tanga na Bagamoyo husikia maeneo yao yakitajwa pamoja na tarakimu ndefu: mabilioni ya barabara, ya bandari, ya daraja la Pangani. Jioni yake, kwenye vijiwe vya kahawa, hesabu huanza. Mmoja atasema fedha zilishaletwa tangu mwaka juzi na zimeliwa. Wa pili atasema ni msaada wa wafadhili, hatudaiwi na mtu. Wa tatu atasema hiyo ni barabara ya Mchina. Kila mmoja ameshika kipande cha habari, ila wote wamelikosa jambo moja: fedha iliyotangazwa si fedha iliyopo. Ni ahadi yenye masharti, na hutoka kidogo kidogo, kwa kazi iliyokwisha kufanyika na kupimwa.

Tuanze na maneno, maana redioni huchanganywa ovyo.

Ruzuku ni fedha isiyorudishwa. Mkopo nafuu hurudishwa, ila kwa riba ndogo na kwa miaka mingi, huku miaka ya mwanzo ikiwa ya kupumua bila kulipa deni lenyewe. Mkopo wa kibiashara hufuata bei ya soko. Fedha za ndani ni kodi na tozo zetu. Ubia ni pale mwekezaji anapoleta mtaji wake, anajenga, kisha anajilipa kwa kuendesha alichojenga. Msaada wa kiufundi ni utaalamu: wapima udongo, wasanifu, wahandisi washauri na mafunzo kwa maofisa wetu. Huu wa mwisho unaweza kuja kwa ruzuku au kwa mkopo, na ndio unaodharauliwa kuliko vyote kwa sababu hauonekani barabarani.

Ukanda wetu umepitiwa na karibu aina zote hizo. Ukitoka Tanga mjini kwenda Horohoro, kilomita 65 hadi mpaka wa Kenya kupitia Mkinga, unapita juu ya ruzuku. Barabara ile ilikuwa sehemu ya mkataba wa dola milioni 698 ambao Tanzania na shirika la MCC la serikali ya Marekani walisaini Februari 2008. Ukielekea kusini badala yake, kilomita 50 za Tanga–Pangani zimewekwa kwenye fedha za ndani. Kutoka Pangani kuendelea hadi Mkange, pamoja na daraja la mita 525 la kuvuka Mto Pangani, unaingia kwenye mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, AfDB. Na ukifika Bagamoyo ukakata kwenda Msata, kilomita 64, umerudi kwenye fedha za ndani. Abiria wa basi hahisi tofauti yoyote. Hazina inaihisi kila mwaka.

Ruzuku nayo si zawadi isiyo na kamba. Mikataba ya MCC ina muda wa miaka 5 na saa haisimami: ule wa Tanzania ulianza kuhesabiwa Septemba 2008 ukafungwa Septemba 2013, na kisichotumika ndani ya muda huo hakibaki kwa mpokeaji. Ndiyo sababu miradi ya namna ile hukimbizwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Tena mtoaji anaweza kuondoka. Machi 2016 bodi ya MCC ilisitisha ushirikiano uliokuwa uendelee kwa mkataba wa pili wa zaidi ya dola milioni 470, uliolenga umeme, baada ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar. Anayetaka ruzuku akubali kwamba ufunguo uko mfukoni mwa mwenzake.

Mkopo una bei yake pia, ila angalau masharti yake yameandikwa na hayabadiliki kwa sababu ya uchaguzi wa upande wa pili wa bahari. Hata neno "wafadhili" kwa AfDB linapotosha. Sehemu kubwa ya hisa zake ni ya nchi za Afrika zenyewe, Tanzania ikiwemo. Tunakopa kwenye benki ambayo tuna hisa, na tunalipa.

Kwa nini mradi uitwe wa kikanda?

Kwenye karatasi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, barabara hii haianzii Tanga wala haiishii Bagamoyo. Ni njia moja ya pwani: Malindi, Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Pangani, Bagamoyo. Desemba 2019, bodi ya AfDB iliidhinisha awamu ya kwanza yenye kilomita 175 hivi: takriban 121 kwa Tanzania, yaani Pangani–Mkange, na 54 kwa Kenya, Mombasa–Kilifi. Gharama yote ilikadiriwa yuro milioni 399.7. Fedha za benki zilikuwa asilimia 78.5, Umoja wa Ulaya ukaweka ruzuku ya yuro milioni 30 kwa upande wa Kenya, na kilichobaki, kama asilimia 14, kikawa mzigo wa serikali mbili zenyewe. Hicho kilichobaki huitwa mchango wa Serikali. Usikidharau. Ndicho hukwamisha miradi mingi kuliko mkopo wenyewe, kama tutakavyoona.

Mradi ukiitwa wa kikanda hupata faida mbili. Kwanza, benki za maendeleo zina mafungu maalumu ya miradi inayounganisha nchi, kwa hiyo mkopo hauli wote mgawo wa nchi moja. Pili, viwango hulinganishwa: upana wa lami, uzito wa magari, namna ya kukagua mizigo mpakani. Lami ya kiwango cha juu ikiishia Horohoro, kisha lori likangoja siku mbili kwa karatasi za forodha, mmejenga maegesho. Hasara nayo ipo. Nchi moja ikichelewa, thamani ya kipande cha mwenzake hupungua mpaka naye amalize.

Safari ya fedha

Hapa ndipo uvumi mwingi huzaliwa, kwa hiyo twende taratibu.

Anayeruhusiwa kukopa kwa niaba ya Jamhuri ni Waziri wa Fedha, chini ya Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134. Mkuu wa mkoa hakopi, mbunge hakopi, TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, haikopi. Ile picha ya kupeana mikono na mafaili ni saini tu. Baada yake kuna hatua isiyopigwa picha: mkataba kuanza kutumika. Benki hutaka maoni ya kisheria kwamba mkataba umesainiwa kihalali, akaunti ya mradi iwe imefunguliwa, timu ya mradi iteuliwe, na mara nyingi ushahidi kwamba fidia ya wananchi imetengewa bajeti. Kila karatasi inayokosekana ni miezi. Na benki nyingi hutoza ada ya ahadi juu ya fedha zilizoidhinishwa lakini hazijachukuliwa. Ada hiyo ni sehemu ndogo ya asilimia moja kwa mwaka, lakini nusu asilimia ya shilingi bilioni 100 ni milioni 500, zinalipwa kwa uzembe mtupu.

Halafu zabuni. Tangazo, ufunguzi, tathmini, na katika kila kituo muhimu benki hutakiwa kusema haina pingamizi kabla Serikali haijaendelea. Tathmini ikirudishwa na maswali, mwezi umekwenda. Mikopo ya AfDB haimlazimishi mkopaji kuchukua mkandarasi wa taifa fulani. Kampuni za Kichina huonekana kila mahali kwa sababu zina mitambo, mtaji wa kusubiri malipo, na bei zinazowashinda wengine. Mikopo ya Benki ya Exim ya China ndiyo yenye kawaida ya kudai mkandarasi atoke China. Kwa hiyo, ukimwona mhandisi wa Kichina Pangani, usihitimishe kwamba deni liko Beijing.

Mkandarasi akishapatikana hupewa malipo ya awali, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya mkataba, ili alete mitambo, ajenge kambi na maabara. Hapewi mkononi hivihivi. Kwanza huleta dhamana ya benki ya kiasi kilekile, ili akitoroka benki yake ilipe. Miezi ya mwanzo wananchi huona kambi, uzio na magari meupe, hawaoni lami, wakaanza kusema. Kwa kweli hiyo ndiyo kazi ya wakati ule.

Baada ya hapo malipo hufuata kazi, kama anayejenga nyumba anavyomlipa fundi: msingi ukiisha, lenta ikifungwa, paa likipanda. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayepima kwa macho. Mkandarasi akisambaza na kushindilia tabaka la kifusi kwa kilomita 3, mhandisi mshauri hupima urefu, upana na unene. Kisha huchimba vishimo vidogo kuona kama ushindiliaji umefika, tuseme, asilimia 95 ya kiwango cha maabara. Kikifeli kipande, hurudiwa kwa gharama ya mkandarasi. Kikifaulu, huingizwa kwenye hati ya malipo ya mwezi.

Chukulia hati ya shilingi bilioni 4. Mkandarasi hatapata bilioni 4. Asilimia 10, yaani milioni 400, hushikiliwa kama amana ya ubora. Sehemu nyingine hukatwa kurudisha malipo ya awali. Ikiwa ni asilimia 20, ni milioni 800. Mfukoni huingia bilioni 2.8. Nusu ya ile amana hurudishwa kazi ikikabidhiwa, nusu baada ya kipindi cha matazamio, ambacho kwa kawaida ni miezi 12 au zaidi. Ndani ya kipindi hicho lami ikibonyea au karavati likipasuka kwa ubovu wa kazi, mkandarasi hurekebisha bila kulipwa.

Hati hiyo hupita kwa mhandisi mshauri, TANROADS, wizara, kisha benki. Katika mikataba inayofuata FIDIC ya mwaka 1999, yaani masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi, mhandisi ana siku 28 kuithibitisha na mwajiri analipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi alipopokea madai. Siku zikipita, riba inaanza kuhesabika, na mkandarasi ana haki ya kutoa notisi ya siku 21 kisha apunguze kasi au asimame. Hapa ndipo unapoona mitambo imelala kando ya barabara na vijana wamerudishwa nyumbani. Watu husema fedha zimeliwa. Mara nyingi hazijafika. Ripoti za Mkaguzi Mkuu, CAG, zimekuwa zikirudia mwaka baada ya mwaka hoja ya riba wanayodai makandarasi kwa kucheleweshewa malipo, na hoja hiyo inauma zaidi kwenye miradi ya fedha za ndani, inayotegemea makusanyo ya mwezi huo.

Fedha za mkopo zenyewe nyingi hazipiti Tanga kabisa. Benki inaweza kumlipa mkandarasi moja kwa moja kwa maombi ya Serikali, bila hata shilingi kugusa akaunti ya mkoa. Sehemu ndogo huwekwa kwenye akaunti maalumu kwa gharama ndogondogo, na haijazwi tena mpaka matumizi ya mwanzo yathibitishwe. Wizi unawezekana, tusidanganyane. Lakini katika miradi ya namna hii hujificha kwenye vipimo vilivyoongezwa, kazi za ziada zisizo na sababu na zabuni zilizopangwa. Anayetafuta gunia la noti anatafuta mahali pasipo pake.

Kuna na kero ya kodi. Miradi ya aina hii huweza kusamehewa VAT, lakini msamaha hutakiwa kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo likichelewa, mkandarasi analipa kodi kwanza kisha anadai, au anangoja. Bei ya lami na dizeli nayo haingoji. Mikataba mirefu ina fomula ya kurekebisha bei. Kwa hiyo, mradi ukichelewa miaka 2 hugharimu zaidi hata kama hakuna kilomita iliyoongezwa.

Wanaopima kabla ya wanaojenga

Msaada wa kiufundi huja kabla ya tingatinga. Usanifu hula asilimia chache tu za gharama yote, ila makosa yake hulipwa na kila kizazi cha madereva.

Wanaanza kwa kuhesabu magari, kwa kawaida siku 7 mfululizo pamoja na baadhi ya usiku, maana malori hupenda usiku. Wanapima na uzito wa ekseli. Hili si dogo. Uharibifu wa lami haukui sambamba na uzito, hukua takriban kwa kipeo cha nne: ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uzito umezidi kwa asilimia 20, lakini uharibifu umefika mara mbili. Ndiyo sababu sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na ndiyo sababu mizani si kituo cha kunyanyasa madereva, hata kama tabia za baadhi ya watu mizani zinafanya tuamini hivyo.

Wanachimba mashimo ya majaribio kila baada ya umbali fulani. Pwani yetu ina mitego. Kuna maeneo yenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Ukimwaga lami juu yake bila kuuondoa au kuutibu, mwaka wa pili utaona mawimbi. Jiwe la matumbawe linapatikana kwa urahisi lakini si gumu kama granaiti, kwa hiyo kokoto ya tabaka la juu inaweza kufuatwa mbali, na kila kilomita ya lori ni fedha. Kwenye daraja karibu na mlango wa mto, chumvi hupenya kwenye zege na kula nondo. Dawa ni zege zito lisilopitisha maji na tabaka nene zaidi la kuzifunika. Ukibana saruji hapo, utaona kutu ikichuruzika kwenye nguzo kabla mkopo haujaisha kulipwa.

Njia hii pia inapita pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hifadhi inayogusa Bahari ya Hindi. Kwa miradi yenye athari kubwa kwa mazingira, AfDB hutaka tathmini iwekwe hadharani siku 120 kabla bodi haijaijadili. Ukisikia "mazingira wanachelewesha maendeleo", hizo ni siku ambazo mwananchi wa Mkwaja au Bweni ana haki ya kusoma na kuuliza barabara itapita wapi, wanyama watavukia wapi, na kifusi kitachimbwa shamba la nani.

Ugonjwa mkubwa wa usanifu ni kulala kabatini. Wataalamu wanamaliza, fedha za ujenzi hazipo, miaka 5 au 6 inapita. Zikipatikana, nyumba zimeota njiani, mto umekula kingo, malori yameongezeka. Inabidi mapitio ya usanifu, na bei mpya. Binafsi naona ni afadhali kutofanya upembuzi yakinifu kuliko kuufanya kwa ajili ya hotuba.

Fidia na zile alama za X

Wakopeshaji wengi hawalipi ardhi kwa mkopo. Fidia hutoka kwenye ule mchango wa Serikali tulioutaja, na ndiyo maana mradi wenye mkopo tayari unaweza kukwama kwa bilioni chache za fidia.

Kanuni za hifadhi ya barabara kuu na za mikoa zilipanua eneo kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. X nyekundu humaanisha umejenga ndani ya eneo la zamani, hulipwi. X ya kijani humaanisha upo kwenye upanuzi, utalipwa eneo likihitajika. Anayelipwa halipwi kuta peke yake: ardhi kwa bei ya soko, mazao na miti, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya malazi, na faida iliyopotea kama kuna biashara. Isipolipwa ndani ya miezi 6, riba huongezeka. Makosa ya kawaida ni mawili. Watu husaini fomu ya mthamini bila kubaki na nakala, na wenye minazi au mikorosho hukubali ihesabiwe jumlajumla. Mnazi unaozaa na mche wa jana havina bei moja. Msimamie mthamini anapohesabu, uandike na wewe.

Bandari mbili, hesabu mbili

Bandari ya Tanga imeboreshwa kupitia TPA, mamlaka ya bandari nchini, kwa shilingi bilioni 429.1: awamu ya kwanza bilioni 172.3 za kuchimba njia ya meli na vifaa, ya pili bilioni 256.8 za gati lenye mita 450. Kina kimetoka mita 3 hadi 13. Zamani meli ilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa kwa matishari, yaani unapakua mara mbili na kulipa mara mbili.

Bandari ya Bagamoyo ni habari tofauti kabisa, na hapa kijiweni huchanganyikiwa zaidi. Haikuwa mkopo. Makubaliano ya 2013 na China Merchants, baadaye na mfuko wa Oman, yalikuwa ya uwekezaji: wao walete mtaji, sisi tutoe ardhi na masharti. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2015. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa masharti hadharani, na 2021 Rais Samia akatangaza mazungumzo kufufuliwa. Kwenye uwekezaji hakuna deni la kulipa, lakini kuna swali zito zaidi: nani anaendesha, kwa miaka mingapi, na unazuiwa kujenga nini jirani yake.

Lami ikishawekwa, matunzo yake ni mfuko mwingine. Tozo unayolipa kwenye kila lita ya mafuta huingia Mfuko wa Barabara, na sheria inataka angalau asilimia 90 iende kwenye matengenezo. Mwenye bodaboda wa Muheza anachangia humo kila anapojaza tangi. Barabara za wilaya na vijiji ziko kwa TARURA, si TANROADS. Ukipeleka malalamiko ya shimo la mtaani kwako ofisi ya TANROADS, utarudishwa.

Anayetaka kuufuatilia mradi wa kwao aanzie kwenye kibao cha mradi: mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, mfadhili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kisha aulize kwenye mkutano wa kijiji maswali matatu, kwa diwani au mtendaji: hati ya malipo ya mwisho iliyolipwa ni namba ngapi, asilimia ngapi ya kazi imekamilika dhidi ya asilimia ngapi ya muda uliotumika, na fidia imebaki kaya ngapi. Muda ukiwa asilimia 80 na kazi 30, dai sababu kwa maandishi. Ripoti za CAG huwekwa hadharani baada ya kuwasilishwa bungeni, kwa kawaida Aprili, na ndani yake mna sehemu ya miradi ya maendeleo. Kwa miradi ya AfDB kuna mlango wa ziada: watu wawili au zaidi walioathirika wanaweza kupeleka malalamiko kwenye kitengo huru cha benki hiyo, baada ya kujaribu kwanza kuzungumza na wasimamizi wa mradi. Barua haihitaji wakili. Inahitaji kusema nani ameathirika, wapi, kwa lipi, na mmeshamwandikia nani.